Kilo moja ya samaki wa bahari: Peru, Norwei, Oman, Shelisheli, Maldivi na kwetu pwani, ipi ina thamani na kwa nani

Watu wakitaka kulinganisha uvuvi wa nchi na nchi wanakimbilia tani. Peru tani ngapi, China ngapi, sisi ngapi, halafu tunaanza kulalamika tuko nyuma. Mimi nimekulia diko, pale vyombo vinapofikisha samaki, mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua ya mshipi, na nilichokiona toka mdogo ni kwamba tani hazilipi ada ya shule. Kinacholipa ni kilo moja imeuzwa kwa nani, ikiwa na hali gani, na aliyeivua amebaki na ngapi akishatoa mafuta, barafu, chakula cha mabaharia na fungu la chombo. Nakumbuka siku walirudi na kolekole wazuri sana, wakubwa wanang'aa, barafu ikawa haijafika sokoni na gari la tajiri anayetununulia samaki limechelewa, mpaka saa nane mchana samaki macho yameshaingia ndani na bei imeshuka hadi chini ya nusu. Bahari ilishatoa kila kitu siku ile, thamani ikapotelea mchangani mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo nimeandika hii kwa wale waliokwama kuchagua: kikundi kilichopata boti ya mkopo na hakijui kielekee wapi, kiongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, anayetafuta nchi ya kuiga, mchuuzi anayetaka kukua, na mwanafunzi wa uvuvi anayetafuta nchi za kulinganisha kwenye utafiti wake.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza bei ya mkono wa kwanza, yaani pale chombo kinapotia nanga, achana na bei ya supamaketi au hotelini. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria mwaka 2022 dunia nzima ilivua samaki na viumbe wenzake tani milioni 91, bahari na maji baridi pamoja, na thamani yao mkono wa kwanza ilikuwa dola bilioni 157, ukigawanya unapata kama dola 1.7 kwa kilo. Hiyo 1.7 iweke kichwani, itakusaidia kujua aliye juu na aliye chini.

Cha pili nani anabaki na hela. Cha tatu samaki anaishia wapi, kwenye sahani ya mtu au kwenye kinu cha unga wa mifugo. Cha nne kama bahari yenyewe itaendelea kutoa, maana bei nzuri ya mwaka huu haina faida kama miaka mitano mbele nyavu zinarudi tupu.

Sasa kabla hujashika kalkuleta, kuna mitego kwenye takwimu na imeshapoteza watu wengi. Samaki huhesabiwa kwa bendera ya meli iliyomvua, kwa hiyo jodari aliyevuliwa maji ya Shelisheli na meli ya Hispania anaandikwa Hispania. Halafu uzito, wengine wanaandika samaki mzima na wengine samaki aliyekatwa kichwa na kutolewa matumbo, na Norwei kwa mfano kilo moja ya chewa aliyekatwa hivyo wanaihesabu kama kilo 1.5 ya mzima, sasa ukilinganisha bei bila kusawazisha hapo umeshakosea kwa nusu nzima. Na ukiona hela za Norwei ni nyingi kupita kiasi angalia kama wameweka salmoni ndani, yule ni wa kufugwa, hapa hahusiki. Mwisho bei za kwenye habari: jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6 kwenye mnada wa mwaka mpya pale Toyosu, Tokyo, mwaka 2019. Ile bei ni ya heshima na matangazo, usiiweke kwenye hesabu yako hata kidogo.

Peru: samaki wengi, bei ndogo, nidhamu kubwa

Peru wana mkondo baridi wa Humboldt unaopandisha rutuba kutoka chini, na ndani yake kuna anchoveta, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, ndio uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa aina moja ya samaki.

Bei: ndogo. Takriban wote wanaenda kwenye unga na mafuta ya samaki, na inachukua kama kilo nne na nusu za samaki kupata kilo moja ya unga. Piga hesabu mwenyewe, tuseme unga umeuzwa dola 1,500 kwa tani, basi ukiacha mafuta, tani ya samaki haiwezi kuzidi dola 330 hata kama kiwanda hakina gharama yoyote, hiyo ni senti 33 kwa kilo, chini kabisa ya ile 1.7 yetu.

Nani anabaki na hela: zaidi ni kampuni zenye meli na vinu vyote kwa pamoja. Mabaharia wanalipwa, bandari kama Chimbote zinaishi kwa hiyo kazi, na nchi inapata fedha za kigeni nyingi, hilo tusiwanyime.

Anaishia wapi: kwenye chakula cha mifugo na cha samaki wa kufugwa, mnunuzi mkubwa ni China. Hapa roho inaniuma kidogo kwa sababu yule ni samaki mzuri tu wa kuliwa na mtu.

Bahari: hapa ndipo Peru wanastahili heshima. Mwaka 1970 walivua kama tani milioni 12, kisha 1972 ikaja El Niño, maji ya bahari yanapopata joto, juu ya uvuvi uliopitiliza, kila kitu kikaanguka. Wakajifunza. Sasa hivi wanasayansi wao wa IMARPE, taasisi ya utafiti wa bahari, wanapima kwanza ndipo msimu unafunguliwa, toka 2009 kila meli ina mgawo wake kwa hiyo hakuna kukimbizana, na mwaka 2023 msimu wa kwanza wa kaskazini na kati waliufuta kabisa kwa sababu samaki walikuwa wachanga. Fikiria hasara waliyoibeba, na bado wakafunga.

Inamfaa nani: sehemu yenye samaki wadogo wengi kupita uwezo wa watu kuwala, na serikali yenye ubavu wa kusema leo hakuna kutoka. Kama huna hayo mawili iangalie kwa tahadhari.

Norwei: mvuvi ndiye mwenye bei

Hapa nitakaa kidogo maana kuna kitu nataka kila mvuvi wa kwetu akijue.

Samaki wao mkuu ni chewa wa Atlantiki, si huyu chewa wetu wa miambani, anayekuja kutaga visiwa vya Lofoten kila mwaka kati ya Januari na Aprili. Bei yake iko juu sana ya wastani wa dunia. Ila siri haiko kwenye samaki peke yake. Toka mwaka 1938 wana sheria inayosema samaki wa mkono wa kwanza lazima auzwe kupitia vyama vya mauzo ambavyo ni mali ya wavuvi wenyewe. Norges Råfisklag ndio wa chewa na jamaa zake. Wanakaa na wanunuzi kujadili bei ya chini, wasipoelewana chama kina haki ya kuipanga chenyewe, na mnunuzi asiyesajiliwa haruhusiwi kununua. Kwa samaki kama vibua na heringi kuna chama kingine, Norges Sildesalgslag, chombo kikiwa bado baharini nahodha anatuma taarifa nimevua nini, kiasi gani, ukubwa gani, na mnada unafanyika hapohapo, anaambiwa kapeleke bandari fulani kwa bei fulani. Yaani anajua bei kabla hajafika nchi kavu! Linganisha na sisi tunaofika diko tumechoka, jua linapanda, samaki anaanza kulainika, na dalali amesimama anasubiri tu muda ufanye kazi yake.

Anaishia wapi: analiwa, tena analiwa mzima. Chewa mkavu anakwenda Italia na Nijeria, vichwa vikavu navyo vinakwenda Nijeria kwa supu, na kule Lofoten watoto ndio wanaokata ndimi za chewa kwa jadi na hela ni yao. Majirani zao Aisilandi wamefika mbali zaidi, kampuni moja pale, Kerecis, inatengeneza dawa ya vidonda kutokana na ngozi ya chewa, na mwaka 2023 ikauzwa kwa bei iliyotajwa kufika dola bilioni 1.3. Ngozi hiyo, tunayoitupia paka.

Bahari: kutupa samaki baharini kulianza kupigwa marufuku mwaka 1987, na mgawo wa chewa wa bahari ya Barents wanaupanga pamoja na Urusi. Lakini usidhani kila kitu ni shwari, mgawo ulikuwa tani 885,600 mwaka 2021 na ukashuka mpaka 340,000 mwaka 2025. Bei ilipanda kwa uhaba, ila bei nzuri haimshibishi mwenye mgawo mdogo. Na kijana asiye na mgawo kuingia kwenye uvuvi ni gharama kubwa mno.

Inamfaa nani: wavuvi walio tayari kuuza kwa pamoja na wasiuzane. Mitambo yao ni ghali, lakini wazo la kuuza pamoja kwa bei ya chini iliyokubaliwa halihitaji mtambo.

Oman: nguru na mapumziko yake

Oman wengi wetu tuna ndugu kule, na bahari yao na yetu ni moja. Wazee wanakumbuka majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakiwa na papa mkavu na ng'onda mpaka Unguja na Mombasa. Pwani yao inazidi kilomita 3,000 na sehemu kubwa sana ya samaki wao inavuliwa na boti ndogo za fiber zenye mashine ya nje, kama hizi zetu, ndiyo maana naona mfano wao uko karibu kuliko wa Norwei.

Bei: nguru, wao wanamwita kanadi, yuko juu, na barabara nzuri pamoja na malori ya barafu vinamfikisha Imarati (Falme za Kiarabu) akiwa bado mgumu. Dhofar kuna konokono wa baharini aina ya abaloni anayezamiwa kwa pumzi tu, msimu wake mfupi mno na anakaushwa kwa ajili ya Asia ya Mashariki kwa hela nyingi. Upande wa pili kuna dagaa wao wanaoanikwa kwa wingi kwa ajili ya ngamia na ng'ombe, hao bei ya chini.

Nani anabaki na hela: mwenye boti na mwenye lori. Serikali nayo imeshawahi kuzuia baadhi ya aina kusafirishwa nje ili bei ya sokoni isiwashinde wenyeji, jambo zuri kwa mlaji ila mvuvi anapoteza mnunuzi wa bei kubwa. Pande zote mbili wana hoja.

Bahari: nguru anafungwa kila mwaka tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, kuvua na hata kumfanyia biashara, apate kuzaa.

Inamfaa nani: kikundi cha boti ndogo kilicho karibu na barabara ya lami na mji wenye hela.

Shelisheli na Maldivi: jodari wa jamii moja, njia mbili

Hawa nawaweka pamoja kwa makusudi. Nchi zote mbili ni visiwa vya bahari yetu, zote zinategemea sana jodari, lakini zimechagua tofauti kabisa.

Shelisheli wana eneo la bahari kama kilomita za mraba milioni 1.3 na watu wachache, hawawezi kulivua lote, wakaamua kukaribisha meli kubwa za nyavu za kuzungushia za kutoka Ulaya na kwingineko. Bei ya jodari wa kupelekwa kwenye makopo huzunguka dola 1,300 mpaka 2,000 kwa tani, yaani pale pale kwenye wastani wa dunia, lakini hela ya meli si ya Shelisheli. Wao wanapata leseni. Mkataba wao na Umoja wa Ulaya wa 2020 mpaka 2026 ulikuwa euro milioni 5.3 kwa mwaka kwa kipimo cha tani 50,000, hiyo ni kama senti 10 za euro kwa kilo, wenye meli wanaongeza malipo yao kwa kila tani. Ukiishia hapo utasema wameibiwa. Lakini meli nyingi zinashusha Port Victoria, zinanunua mafuta, zinalipa bandari, na kuna kiwanda cha makopo ambacho ni kati ya vikubwa duniani kwa jodari na ni mwajiri mkubwa wa nchi. Mwaka 2018 wakatoa hatifungani ya buluu, yaani mkopo wa serikali kutoka kwa wawekezaji, ya dola milioni 15, nchi ya kwanza duniani, kwa ajili ya kutunza bahari na uvuvi. Hela ya Shelisheli iko nchi kavu.

Maldivi wakasema hapana, nyavu za kuzungushia hatutaki, jodari wetu atavuliwa kwa fimbo na ndoana, mmoja mmoja, na chambo hai. Kuvua papa walikupiga marufuku mwaka 2010. Mwaka 2012 uvuvi wao wa sehewa, jodari mdogo, ukapata cheti cha MSC, cha uvuvi unaotunza bahari, na supamaketi za Ulaya zikaanza kuulipia zaidi kwa sababu mlaji anajua hakuna pomboo wala kasa aliyenaswa kwenye wavu. Kazi inabaki kwa watu wao, na samaki wanamla kila siku nyumbani. Ubaya wake ni kwamba unahitaji watu wengi kwenye chombo, dagaa wa chambo lazima wapatikane kila asubuhi, na bei yako inategemea mteja wa mbali aendelee kujali.

Shelisheli inamfaa mwenye bahari kubwa na bandari nzuri lakini vyombo hana. Maldivi inamfaa mwenye vijana wengi wanaojua mshipi na jodari wanaopita karibu.

Kwetu, Tanzania na Kenya

Nasi tupimwe kwa kipimo kilekile, bila kujionea huruma.

Bei: samaki wetu wa miambani, nguru, kamba na pweza si wa bei ndogo kabisa, hoteli na miji inawagombania. Kinachotuangusha ni barafu, na utaratibu ule wa tajiri kumkopesha mvuvi nyavu au mashine halafu mvuvi anafungwa kumuuzia yeye kwa bei yake. Simtukani tajiri, mara nyingi ndiye pekee aliyekubali kukukopesha, lakini deni lile ndilo linalopanga bei, si soko.

Anaishia wapi: hapa ndipo tunawashinda wengi na hatujisifu. Samaki wetu karibu wote wanaliwa na watu. Dagaa wa Unguja wanachemshwa, wanaanikwa, wanapakiwa kwenye viroba na wanafika mpaka Kongo, kazi kubwa inafanywa na akina mama. Mama karanga wa Mombasa, yaani mama anayekaanga samaki, ananunua samaki wadogo asubuhi, jioni mtaa mzima umekula. Dagaa analiwa na mifupa yake, mtoto anapata kalsiamu yake humo humo. Hiyo thamani haionekani kwenye jedwali la dola, ila ukilinganisha na anchoveta anayesagwa unaiona.

Bahari: ndani ya mwamba tumechosha, hilo tuseme wazi, juya, wavu wa kukokota, na baruti vimeumiza sana matumbawe. Pweza ndiye ametuonyesha njia. Kule Madagaska kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga mwamba mwaka 2004, na kwetu Kisiwa Panza kule Pemba na vijiji vingine wakafuata, miezi kama mitatu hakuna anayegusa, pweza anakua haraka mno kwa hiyo siku ya kufungua wanatoka wakubwa na wanunuzi wanalipa kwa saizi. Akina mama wanaotembea mwambani maji yakitoka ndio wanaofaidi mapema, wakiwa wamekubaliana na kamati kwamba siku ya kufungua hawasukumwi pembeni na wazamiaji.

Sasa uchague vipi

Kama kikundi chako kimepata boti na uko karibu na lami, anza na Oman, ila pesa ya kwanza iende kwenye makasha ya barafu kabla ya mashine kubwa zaidi, na mkubaliane mapema ni mwezi gani hamtoki kumvua nguru.

Kama mko kisiwani, barabara hakuna, na mwamba mnao, funga pweza kwanza. Haina mtaji mkubwa, inahitaji makubaliano na mtu wa kulinda usiku. Hakikisheni mnunuzi na bei vimejulikana kabla ya siku ya kufungua, maana pweza wengi wakitoka siku moja bila mnunuzi bei inaanguka palepale.

Vyombo vingi diko moja na kila mtu anauza kivyake? Someni Norwei. Msianze na mnada wa mtandao, anzeni na kitu kidogo kama bei ya chini ya aina mbili tu za samaki, na mfuko wa kumkopesha mwanachama ili atoke kwenye deni la tajiri, maana mwenye deni atavunja makubaliano hata akiwa mtu mwema.

Mchuuzi wa dagaa unayefikiria kuuza kwa watu wa unga wa kuku, piga hesabu kwa kilo mbichi kama nilivyofanya ya Peru, halafu linganisha na bei ya kiroba cha Kongo. Unga unaweza kukufaa kwa dagaa walionyeshewa na mvua na kupondeka, lakini kwa dagaa wazuri uliza mara mbili.

Wenye kauli kwenye bahari kuu wana Shelisheli na Maldivi mezani, na sidhani ni lazima wachague moja. Palipo mbali meli za leseni zinaweza kuingia kwa sharti la kushusha na kusindika kwetu, palipo karibu ibaki ya mshipi na vijana wa pwani.

Na wewe mwanafunzi, kama data zako ni za tani na dola tupu chukua Norwei na Peru, takwimu zao zimekaa vizuri. Kama unataka kuandika kitu kitakachosomwa na mvuvi wa Kilwa au Shimoni chukua Oman na Maldivi, na kabla ya kuandika chochote kaa diko asubuhi wiki nzima, uandike saa chombo kilipofika, saa barafu ilipofika, na bei kila nusu saa.